Nilivyokufa saa 4:12 asubuhi

Mpwa wangu ni muuguzi katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na kwa kawaida akinipigia simu usiku huwa najua kuna msiba. Usiku ule alinisalimia shikamoo mara mbili, jambo lililonitia shaka zaidi, kisha akaniambia kwamba walikuwa wakitafuta watu wa makamo wa kuigiza majeruhi katika zoezi la ajali ya ndege, kwa sababu waliojiandikisha hadi wakati huo walikuwa wanafunzi wa vyuo watupu na waandaaji hawakutaka ndege iliyojaa vijana wa miaka 20 peke yao. “Mjomba, kazi yenyewe ni kulala chini tu,” alisema. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nimeshika chaki kwa miaka 26, na kulala chini mchana kwa ruhusa si jambo ninaloletewa kila siku. Nikakubali.

Viwanja vya ndege havifanyi mazoezi haya kwa kupenda. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba unaoongoza usafiri wa anga wa kiraia duniani, kwa kawaida kinataka zoezi kamili la dharura lifanyike katika kila kipindi kisichozidi miaka 2, na katikati yake yafanyike mazoezi madogo ya kurekebisha kasoro zilizoonekana. Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, hata hivyo, hoja ya mazoezi haihitaji kiambatisho. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu, na inasimuliwa hadi leo kwamba tumbo la meli lilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa wakisikika wakigonga kwa ndani, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji ilitoka na meli ikazama. Waliotoboa walikuwa na nia njema na mikono yenye nguvu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Watu 19 walifariki, na waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Matukio haya mawili nimeyafundisha darasani nikiwa na ramani ukutani na kijiti mkononi, lakini sikuwahi kujiuliza mtu aliyelala pale chini akisubiri anaona nini na anasikia nini.

Tulitakiwa kufika saa 12 asubuhi. Tulikuwa 46, idadi iliyochaguliwa ili ilingane na ndege ndogo ya abiria, na aliyetupokea alikuwa mama mmoja mkakamavu aliyepewa kazi ya kusimamia majeruhi, ambaye alitugawia fomu za ridhaa tukasaini, kisha akapita kwa mmoja mmoja akiuliza kama kuna mwenye kisukari, pumu, shinikizo la damu, ujauzito, aliyefunga, au aliyetoka nyumbani bila kula. Baada ya hapo alisema mambo mawili, akayarudia hadi tukayachoka. La kwanza ni kwamba tusiongeze chumvi. Kila mmoja wetu angepewa kadi yenye maelezo ya jeraha lake na kila kilichoandikwa pale ndicho angekiigiza, pasipo kuzidisha wala kupunguza, kwa kuwa aliyeandikiwa mkono uliovunjika akijifanya anakata roho, basi amemdanganya daktari, na daktari aliyedanganywa hajifunzi chochote. La pili ni kwamba mtu akiumia au kuugua kikweli, yeye mwenyewe au jirani yake atamke neno “kweli” mara tatu kwa sauti, na mhudumu yeyote aliye karibu aliache igizo amshughulikie. “Msiseme nisaidieni,” alituonya, “kwa sababu leo kila mtu atakuwa anasema nisaidieni.”

Vidonda vilitengenezwa na vijana wawili waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiwa na sufuria mbele yao kama wapishi wa harusini. Unga wa ngano uliokandwa na vaselini na chembe za kahawa ulifanywa ngozi iliyochanika; sukari iliyochemshwa ikaongezwa rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ilikuwa damu; na mfupa wa paja la kuku, uliooshwa ukakatwa kwa pembe, ulipachikwa kwenye mkono wa kijana mmoja hadi nikageuza uso. Kosa la mapishi hayo lilikuwa moja tu, nalo ni sukari. Ilipofika saa 3 sisimizi walikuwa wamekwisha kupata habari, na majeruhi walioandikiwa kuzimia walikuwa wakijikuna.

Mimi, kwa kusema kweli, nilisikitika nilipopewa kadi yangu. Iliandikwa hivi: mwanamume, miaka 51, amebanwa na mkanda wa kiti, tumbo linamuuma upande wa kushoto juu, hawezi kusimama, anajibu kwa sauti ndogo, anapumua mara 24 kwa dakika. Hakukuwa na mfupa wala nyama iliyochanika. Walinipaka majivu kidogo midomoni ili nionekane nimepauka, wakanidondoshea glisirini kwenye paji la uso iwe jasho, wakanichora alama ya zambarau tumboni palipopita mkanda, na shati langu likapata damu ya kuazima kutoka kwa abiria wa kiti cha jirani. Mpwa wangu alikuwa ameniambia nivae nguo kuukuu kwa sababu zingeweza kukatwa kwa mkasi, nami kwa haraka za alfajiri nilikuwa nimevaa shati la kitenge ambalo halikuwa kuukuu hata kidogo. Nyuma ya kadi kulikuwa na maandishi mengine yaliyotakiwa kuanza kutumika baadaye: dakika ya 30, anapumua mara 34, mapigo ya kifundo cha mkono hayapatikani, anachanganyikiwa; dakika ya 52, kama bado hajaondolewa eneo la ajali, amefariki. Nilimwuliza yule mama ni ugonjwa gani huu. Akanijibu kwamba bandama langu limepasuka na ninavuja damu ndani, mahali ambapo hakuna mtu atakayeiona.

Neno wanalolitumia madaktari duniani kote kwa kazi ya kuwapanga majeruhi, triage, linatokana na kitenzi cha Kifaransa kinachomaanisha kuchambua, na zamani kilitumika kwa sufu na kahawa. Mimi nimekulia Kagera, katika nyumba ambayo buni zilichambuliwa kwenye ungo kila msimu, na sikuhitaji maelezo mengi kuielewa kazi hiyo. Anayetajwa kuwa baba yake ni Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyesisitiza kwamba atangulie kutibiwa aliyeumia zaidi, awe jenerali au askari wa kawaida. Utaratibu uliotumika siku ile ulibuniwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California, na hospitali moja ikishirikiana na zimamoto wa mji huo, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kifaa chochote. Kwanza hutolewa tangazo kwamba anayeweza kutembea aelekee mahali fulani, na wote wanaokwenda ni kijani. Waliobaki chini hupitiwa mmoja mmoja kwa muda usiofika dakika moja: asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa, na asipopumua hata hivyo ni mweusi, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu, yaani atangulie kuhudumiwa, asiye na mapigo kwenye kifundo cha mkono ni mwekundu, asiyeweza kufuata agizo dogo kama “nibane kidole” ni mwekundu. Anayeyapita yote hayo na bado hawezi kutembea ni njano, maana yake anaweza kusubiri.

Ndege yetu ilikuwa basi kuukuu la shule lisilo na vioo, lililoburutwa hadi kwenye nyasi kando ya njia ya kurukia, na pembeni yake mapipa mawili yaliyokatwa yakawashwa mafuta machafu. King’ora kililia saa 3:20. Katika dakika zile za kwanza sina lawama kwa mtu yeyote. Viwango vya kimataifa vinawapa zimamoto wa uwanja lengo la kufika popote kwenye njia ya kurukia katika muda usiozidi dakika 3, na saa ya mtathmini aliyekuwa amesimama karibu na dirisha langu ilionyesha kwamba gari la kwanza lilikuwa likimwaga povu ilipotimia dakika 2 na sekunde 40. Povu lile ni la baridi kuliko nilivyodhani. Zimamoto wawili walinitoa mlangoni, mmoja akiwa amenishika kwapani na mwingine magotini, na katikati ya safari ile fupi nikamsikia wa mbele akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huyu mzee mzito huyu. Sikukasirika. Lakini nililikumbuka siku nzima, na hapo ndipo nilipoanza kutambua kwamba mtu aliyelazwa chali huchukuliwa kuwa amefungwa masikio pia.

Waliponilaza kwenye turubai, yule mwingine alivua koti lake, akalikunja, akaniwekea chini ya kichwa. “Tunarudi, baba,” akasema. Neno hilo nitalirudia.

Saa 3:41 alinifikia daktari kijana, bado yuko kwenye mafunzo ya vitendo, akachuchumaa. “Mzee, unanisikia? Unaitwa nani? Nibane kidole.” Nikambana. Aliisoma kadi, akanishika kifundo cha mkono, akanifunga utepe wa njano, akaondoka. Nadhani alitumia sekunde 30. Nataka ieleweke kwamba kijana huyu hakukosea. Kwa kadi niliyokuwa nayo saa ile mimi nilikuwa njano, na kama angenifunga nyekundu angekuwa amempokonya nafasi mtu aliyeistahili zaidi.

Kisha tukaanza kusubiri. Magari ya wagonjwa ya kutoka mjini, kama tulivyokuja kujua baadaye, yalikuwa yamesimamishwa kwenye lango na mlinzi aliyekuwa akitekeleza kazi yake kama alivyoagizwa siku zote, yaani kukagua vitambulisho vya kila anayeingia, kwa sababu hakuna aliyemwachia orodha wala maelekezo ya siku ile. Sisi chini hatukulijua hilo. Tulichokijua ni kwamba zimamoto walikuwa wamemaliza moto wao, wahudumu wa huduma ya kwanza walikuwa wachache, na watu wazima kumi na zaidi walikuwa wamelala kwenye turubai wakilitazama jua linavyopanda.

Kulia kwangu alikuwepo yule kijana wa mfupa wa kuku. Nilipogeuza shingo alinitambua kabla sijamtambua. “Mwalimu, kumbe na wewe umo?” alininong’oneza, nilikuwa nimemfundisha kidato cha pili. Kadi yake ilisema amevunjika mkono mmoja, anazungumza vizuri, naye alikuwa njano kama mimi. Lakini kila mhudumu alipokaribia, mwanafunzi wangu huyu alipiga yowe la mtu anayechinjwa, akajiviringisha, akamwita mama yake kwa majina mawili. Alikuwa hodari katika igizo tangu shuleni. Wahudumu watatu wakamzunguka, wakamfunga gango, wakamwongezea bandeji, wakampa maji ambayo kimsingi hakutakiwa kupewa, na gari la kwanza lilipofika, yeye ndiye aliyebebwa. Wakati wanamwinua, mmoja wao alinitazama, akauona utepe wangu, akawaambia wenzake juu ya kichwa changu: “Huyu njano anaweza kusubiri.”

Ilikuwa kweli nilipofungwa utepe ule. Saa 3:50 mtathmini mwenye kizibao cheupe alikuwa amepita, akainama bila kusema neno, akaigeuza kadi iliyoning’inia kifuani mwangu. Tangu dakika hiyo nilipaswa kupumua mara 34 kwa dakika, kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa maana ukiifanya kwa dakika tatu mfululizo vidole vinaanza kufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Nilipumua hivyo kwa vipindi. Kadi ilikuwa wazi, herufi zake kubwa, na aliyeweza kusoma angeisoma akiwa amesimama. Lakini utepe ulikuwa wa njano, na mtu aliyekwisha kuiona rangi haangalii tena maandishi.

Kushoto kwangu alilala mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyeandikiwa kuungua miguu. Tangu saa 3 na nusu alikuwa akinisimulia kwa sauti ya chini bei ya mchele. Baadaye akanyamaza. Kijana mmoja wa kujitolea alipopita, yule mama alimwambia, “Mwanangu, naona giza.” Kijana akampigapiga begani, akamjibu, “Pole mama, vumilia, unaigiza vizuri sana,” akaenda zake. Nilimgeukia. Glisirini niliyopakwa mimi ilikuwa imekaa kwenye paji la uso matone yaliyopangika, kila moja mahali pake tangu saa moja asubuhi. Jasho la huyu mama lilikuwa linatoka. Lilichipuka juu ya mdomo, likafutika lilipogusa kanga, likachipuka tena, na mstari wake mmoja ulikuwa unateremka nyuma ya sikio ukiingia shingoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo majivu yangu yalikuwa yanajaribu kuigiza. Nikamwita, akafungua macho, akayafumba.

Nilipiga kelele “kweli, kweli, kweli” kwa sauti ile ninayoitumia kunyamazisha mabweni. Lazima nikiri kwamba kabla ya kufanya hivyo nilisita kidogo, labda kwa pumzi mbili au tatu, nikiogopa kuharibu zoezi la watu na kuonekana mshamba asiyejua mchezo. Kusita huko bado kunanisumbua. Muuguzi mmoja alikuja mbio akiwa ameacha machela njiani, akamlaza vizuri, akamwinua miguu, akampima sukari, akakuta imeshuka. Yule mama alikuwa ametia saini kwamba amekula asubuhi. Ukweli ni kwamba alikuwa ameamka saa 10 usiku kupika chapati za wateja wake na hakuonja hata moja. Alipopata fahamu sawasawa akapewa chai yenye sukari nyingi, na mchana nilimwona akimaliza sahani mbili za wali, akilalamika kwamba umepikwa na mtu asiyejua.

Lakini sasa lilitokea jambo ambalo mpaka leo silijui nilicheke au nililie. Muuguzi yule alipomaliza, alinitazama, akatabasamu, akasema, “Asante sana mzee, umefanya vizuri,” akaondoka. Kwake mimi nilikuwa mtu mwenye sauti ya kengele aliyetoka kuokoa maisha ya jirani yake. Nani angeamini kwamba mtu wa namna hiyo ana bandama lililopasuka na dakika chache za kuishi? Kadi bado ilikuwa kifuani, imegeuzwa.

Katika muda ule wote nilikuwa naisubiri ile “tunarudi, baba”. Nilijua kabisa kwamba mimi ni mwalimu mwenye afya yangu aliyelala kwenye turubai karibu na basi la shule, na kwamba saa 7 mchana nitakula wali. Hata hivyo kila nilipoona kofia ya zimamoto ikipita nilinyanyua kichwa kutoka kwenye koti lake, na kofia ile ilipopitiliza nilihisi unyonge ambao haukuwa wa kuigiza. Yule bwana hakuwa na nia mbaya. Aliitwa kwingine na kazi yake haikuwa kukaa na mimi. Alinipa neno zuri kama tunavyopeana sisi sote hospitalini na misibani. Ila aliyesimama hulisahau mara moja, na aliyelala hubaki nalo.

Saa 4:12 mwenye kizibao cheupe alirudi, akatazama saa, akainama hadi sikioni kwangu. “Pole mzee,” akanong’ona, “umefariki.” Akafungua utepe wa njano, akafunga mweusi, akaandika.

Nilibebwa hadi chini ya mwarobaini ambako marehemu wengine wanne walikuwa wamekaa wakimenya karanga. Walinisogezea nafasi. Mmoja wao, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa amekufa tangu dakika ya kwanza kwa mujibu wa kadi yake na alikuwa ameshasoma karibu kurasa 30 za kitabu chake cha mtihani. Tulikaa pale tukitazama machela zikienda na kurudi, na ni kutoka kivulini pale, mbali kidogo, ndipo nilipoona jambo ambalo sikuweza kuliona nikiwa chini: watu wenye kazi walikuwa wamejikusanya penye kelele, na sehemu ya turubai iliyokuwa kimya ilikuwa haina mtu.

Tathmini ilifanyika mchana huohuo katika ukumbi mdogo. Kila kitengo kilisoma taarifa yake, muda wa hiki na muda wa kile, na mambo ya lango na ya redio zisizosikilizana yalijadiliwa kwa kirefu, kwa ukali wa heshima. Majeruhi wa kuigiza tulikuwa tumekwisha kuruhusiwa kwenda kula. Yule mama msimamizi ndiye aliyesimama mlangoni akakataa, akisema kwamba watu pekee walioliona zoezi wakiwa chini ni hawa, na kama hawataulizwa basi wangelazwa magunia ya mchanga, ambayo hayali wali.

Nilipopewa nafasi nilieleza nilichosikia, kwa maneno yaleyale na kwa saa zake: huyu mzee mzito, tunarudi, baba, huyu njano anaweza kusubiri, unaigiza vizuri sana. Ukumbi ulitulia. Daktari kijana aliinua mkono, na kwa adabu lakini bila kuyumba akasema, “Mwalimu, mimi nilikuchambua sawasawa.” Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba kama kuna mtu aliyefanya kazi yake barabara asubuhi ile ni yeye. Hapo mazungumzo yakachukua mkondo mwingine, kwa sababu ikabidi watu waulizane ni nani basi aliyetakiwa kurudi. Karatasi za mpango zilifunguliwa. Zilisema kwamba majeruhi watachambuliwa upya “mara kwa mara”. Hazikusema na nani. Kila kitengo kilikuwa kimedhani ni kazi ya kitengo kingine, na kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri ya kudhani hivyo. Kabla hatujatoka waliandika kwamba zoezi lijalo atateuliwa mtu mmoja mwenye kizibao cha rangi yake, ambaye hatabeba machela wala kufunga bandeji, bali atazunguka kwenye turubai la njano kila baada ya dakika 10, akianza na walionyamaza. Mwanafunzi wangu wa mfupa wa kuku naye aliambiwa maneno machache kuhusu kipaji chake, akainamisha kichwa kama zamani.

Nilipendekeza jambo lingine, kwamba zoezi lijalo wavuvi na waendesha bodaboda wasizuiwe nyuma ya kamba kama watazamaji, kwa kuwa siku ya ajali ya kweli hao ndio watakaofika kabla ya gari lolote lenye king’ora, na afadhali wajue mapema wamlaze vipi mtu na wamwache wapi. Nilijibiwa kwamba litazingatiwa. Nimekaa kwenye vikao vya walimu vya kutosha kulijua neno hilo, lakini liliandikwa.

Kulikuwa na watazamaji wengi nyuma ya kamba ile, na simu zao. Waandaaji walikuwa wamepitisha gari la matangazo mtaani siku mbili kabla, na walifanya vema, maana kila mtu mle ukumbini alikuwa anakumbuka ya Nairobi ya Novemba 2015, pale zoezi la usalama katika chuo kikuu kimoja lilipodhaniwa kuwa shambulio la kweli, watu wakaruka kutoka ghorofani na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Gari la matangazo, hata hivyo, halikufika kijijini kwetu. Nilipowasha simu saa 9 alasiri nilikuta nimepigiwa mara 17, na picha iliyokwisha kuzunguka makundi matatu ya ukoo: mimi chali kwenye turubai, midomo imepauka, shati limelowa wekundu, utepe mweusi mkononi. Chini yake mtu asiyenijua alikuwa ameandika maneno ya rambirambi.

Nilimpigia mama kabla ya kumpigia yeyote. Alipokea binamu yangu, ambaye alinyamaza aliposikia sauti yangu, kisha nikasikia simu ikipokezanwa na vikombe vikigongana. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mama hakusema kitu kwa muda. Nikamweleza yote tangu mwanzo, kwamba lilikuwa zoezi, kwamba damu ni sukari, kwamba nimeshakula na ninarudi nyumbani. Akaniuliza sasa katika hilo zoezi mimi nilikuwa naumwa nini, nikamwambia nilikuwa navuja damu ndani kimyakimya na hakuna aliyenirudia hadi nikafa.

“Mbona hukupiga kelele, mwanangu?”

Nikamwambia nilipiga, mara moja. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama lile shati la kwenye picha, lililokatwa, lilikuwa lile la kitenge alilonishonesha kwa Pasaka. Lilikuwa lile.